UNYENYEKEVU WA MUNGU NA SADAKA YA MSALABA

Somo la Biblia: Wafilipi 2:1–11



Somo letu la safari hii ni gumu kidogo, lakini ndilo kiini cha imani yetu. Kila Jumapili, tunaposema Kanuni ya Imani, tunakiri kwamba Mwana wa Mungu alishuka kwa ajili yetu, akafanyika mwanadamu, akasulibiwa. Maneno hayo tunayajua kwa moyo tangu tulipofundishwa katekisimu. Lakini akitokea jirani mwema, pengine Mwislamu tunayechota naye maji bomba moja, akatuuliza kwa heshima, “Mungu Mwenyezi anawezaje kuona njaa, kuchoka, kupigwa na kufa?” wengi wetu hunyamaza, na wengine hupandisha sauti. Kunyamaza si jibu, na kelele si jibu pia. Swali lile ni la haki, nalo lina jibu.

Basi chukueni Biblia zenu, mfungue Waraka kwa Wafilipi sura ya 2, msome polepole aya ya 1 mpaka ya 11. Mkimaliza, rudini hapa tuendelee.

1. Barua kwa kanisa lenye ugomvi

Filipi ulikuwa mji wa Makedonia, nao ulikuwa koloni la Warumi (Matendo 16:12). Wenye uraia wa Kirumi walijivunia sana uraia huo. Mji wa namna hiyo huwapanga watu kwa ngazi: juu raia, chini yao wageni, na chini kabisa mtumwa, ambaye hakuhesabiwa kuwa mtu mwenye haki bali mali ya mwenyewe.

Paulo aliijua ngazi hiyo kwa mgongo wake. Matatizo yake mjini Filipi yalianza kwa sababu ya mtumwa. Palikuwa na kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na bwana zake walipata fedha nyingi kwa uaguzi wake. Paulo alipomfukuza yule pepo, hakuna aliyemshangilia binti kwa kuwa amepona. Bwana zake waliona tu kwamba faida yao imekwisha (Matendo 16:16–19). Paulo na Sila wakapigwa kwa bakora mbele ya watu, wakatiwa gerezani, miguu ndani ya mkatale. Kesho yake ndipo wakuu wa mji walipoogopa kusikia kwamba wamewapiga raia wa Rumi bila hukumu. Kama wangekuwa watumwa, hakuna ambaye angeogopa.

Miaka ilipita. Paulo, akiwa tena kifungoni, anawaandikia Wakristo wa mji huo. Nao wana tatizo, tena tatizo tunalolijua. Katika sura ya 4 aya ya 2 anawataja kina mama wawili, Euodia na Sintike. Wote wawili walikuwa watendakazi hodari katika Injili, na wote wawili hawapatani. Hatuambiwi waligombania nini. Labda ni vizuri hatukuambiwa, maana kila parokia inaweza kujaza nafasi hiyo yenyewe: nani aongoze kwaya, nani ashike fedha, nani hakutajwa jina siku ya mavuno.

Angalieni jinsi Paulo anavyolitibu jeraha hilo. Haundi kamati. Hampi mmoja haki na mwingine lawama. Anachukua fundisho la juu kuliko yote, yaani Mungu kufanyika mwanadamu, analiweka juu ya ugomvi wa kanisa. Kwa maneno mengine anawaambia: mnataka kujua mkae namna gani nyinyi kwa nyinyi? Mtazameni kwanza Mungu alivyo.

Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka. Fundisho la unyenyekevu wa Mungu halikuandikwa ili wataalamu wabishane vyuoni. Liliandikwa ili watu wa kanisa moja waweze kukaa pamoja.

2. Mtumwa ni nani?

Katika aya ya 7 Paulo anasema jambo la kutisha: yeye aliyekuwa sawa na Mungu aliichukua hali ya mtumwa. Neno la Kigiriki linaloeleza kitendo chake lina maana ya kumwaga kilichomo hata chombo kibaki kitupu. Na katika aya ya 8 anashuka zaidi, mpaka kwenye kifo cha msalaba. Kwa Warumi msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa, waasi na wanyang'anyi. Raia wa Rumi kwa kawaida hakusulibiwa. Watu wa Filipi walipoisikia barua hii ikisomwa, walielewa mara moja: Bwana wetu alishuka mpaka ngazi ya chini kabisa, mahali alipokuwa yule kijakazi mwenye pepo, kisha akafa kifo cha watu wa ngazi hiyo.

Sisi wa pwani hii tuna sababu ya kulielewa neno “mtumwa” kuliko Wakristo wengi wa Ulaya. Pale Mkunazini, Unguja, lilikuwapo soko la watumwa. Watu walioletwa kutoka bara, kutoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko, walisimamishwa pale, wakatazamwa meno na misuli, wakanunuliwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa mahali palepale. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyekuwa Askofu tangu 1874 hata alipofariki 1882, naye amezikwa nyuma ya altare. Husimuliwa kwamba altare kuu imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa.

Fikirini maana yake. Pale ambapo mtu alifanywa bidhaa, pale ndipo mkate unapomegwa na kusemwa kwamba Mungu mwenyewe alikubali kuuzwa kwa vipande thelathini vya fedha (Mathayo 26:15). Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wake.

Tena kumbukeni kwamba mmoja wa watoto waliokombolewa utumwani, Cecil Majaliwa, Myao, alisoma katika chuo cha Kiungani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa daraja la upadre katika misheni yetu ya UMCA. Alifanya kazi miaka mingi Chitangali, kusini mwa nchi yetu. Yeye alipoisoma Wafilipi sura ya 2 mbele ya watu wake, neno “mtumwa” halikuwa mfano. Sheria yenyewe ilichelewa: hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922 tu.

Lugha yetu nayo inatusaidia hapa. “Mtumwa” hutokana na kitenzi “tuma”. Ni yule anayetumwa, asiyejituma mwenyewe. Kitenzi hichohicho kimezaa neno “mtume”. Maneno mawili, shina moja. Moja ni la heshima kubwa, na jingine ni la aibu kubwa. Sasa fungueni Waebrania 3:1, mwone kwamba Yesu anaitwa Mtume. Na katika Wafilipi amechukua hali ya mtumwa. Ndani yake maneno yale mawili yamekutana. Baba alimtuma, naye akakubali kutumwa mpaka mwisho.

3. Je, aliacha kuwa Mungu?

Hapa ndipo jirani yetu anapouliza, na anauliza vema. Zipo njia mbili za kukosea.

Njia ya kwanza ni kusema kwamba Yesu alijifanya tu kuwa mtu. Aliona njaa kwa nje, ndani hakuona. Alilia mbele ya watu, moyoni hakulia. Hiyo ingekuwa michezo ya kuigiza. Njia ya pili ni kusema kwamba aliuacha Umungu mbinguni kama mtu anavyoacha koti mlangoni, akawa mtu mtupu kwa miaka thelathini na kitu, kisha akalivaa tena. Hiyo ingekuwa na maana kwamba aliyekufa msalabani si Mungu. Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, ulizikataa njia zote mbili. Ulifundisha kwamba Kristo ni mmoja, Mungu kamili na mtu kamili, bila kuchanganyika na bila kutengana.

Lakini swali linabaki: inakuwaje? Wengi hawajui kwamba mmoja wa waliolifikiria sana swali hili alikuwa mwalimu hapa kwetu. Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilichokuwa kikifundisha walimu na makasisi, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Mwaka 1907, akiwa bado Kiungani, alitoa kitabu juu ya namna Mungu alivyofanyika mtu. Baadhi ya wataalamu wa Uingereza wa wakati ule walipenda kusema kwamba Mwana aliweka kando baadhi ya sifa zake za Kimungu. Weston hakukubali. Yeye alifundisha kwamba Mwana hakupoteza chochote, alijizuia. Aliushika uwezo wake wote, lakini katika maisha yake ya duniani hakuutumia ila kwa kadiri ambayo ubinadamu wake uliweza kuuchukua. Na wakati huohuo, kama Neno wa milele, aliendelea kuushika ulimwengu wote.

Nitoe mfano wa darasani, maana ndiko tulikozoea. Mwalimu aliyebobea katika hesabu anapewa Darasa la Kwanza. Anachuchumaa chini, anapanga vizibo vya soda mbele ya mtoto, anahesabu naye: moja, mbili, tatu. Je, amesahau hesabu zake kubwa? Hata kidogo. Je, anajifanya? Hapana, anahesabu kwelikweli, na mtoto akikosea, mwalimu anarudi naye mwanzo. Ujuzi wake wote upo, lakini ameufunga kwa kipimo cha mtoto, kwa sababu anampenda na anataka afike. Mwalimu mbaya ndiye asiyeweza kuchuchumaa. Yeye huandika ubaoni mambo makubwa ili aonekane msomi, na watoto hubaki pale walipokuwa.

Mfano huu una upungufu wake, kama mifano yote. Kengele ikilia mwalimu huondoka akaenda nyumbani. Bwana wetu hakuondoka. Kuanzia tumboni mwa Mariamu mpaka kaburini alikaa ndani ya kipimo chetu, na hata sasa, mbinguni, hakuuvua ubinadamu wake. Lakini mfano unatuonyesha jambo moja la kweli: kujishusha si kupungukiwa.

Tuendelee hatua moja mbele. Tumezoea kusema, “Ingawa alikuwa Mungu, alijinyenyekeza,” kana kwamba unyenyekevu ni kitu kigeni kwake, kazi ngumu aliyoivumilia kwa muda. Hebu someni Yohana 13:3–5. Yohana anasema kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mkononi, na kwamba alitoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Baada ya kusema hayo, tungetegemea aketi katika kiti cha enzi. Badala yake anaondoka chakulani, anajifunga kitambaa, anaanza kuosha miguu yenye vumbi, kazi ya mtumwa. Hakupiga magoti kwa kusahau kwamba yeye ni nani. Alipiga magoti akijua hasa yeye ni nani. Mungu wetu hakuuvaa unyenyekevu kama vazi la Alhamisi Kuu, livaliwe usiku mmoja na kurudishwa kabatini. Ndivyo alivyo.

Wala hili halikuanza Bethlehemu. Katika Kutoka 3:7–8 Mungu anamwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake, amekisikia kilio chao kwa sababu ya wasimamizi wao, naye ameshuka kuwaokoa. Watu wale walikuwa watumwa. Wazee wetu walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mungu alitaka cha mvunguni. Sisi ndio tuliokuwa mvunguni.

Basi jirani akiuliza, mnaweza kumjibu hivi kwa upole: “Wewe na mimi tunakubaliana kwamba Mungu ni Mkuu, na hakuna kama yeye. Tunachokiri sisi Wakristo ni kwamba ukuu wake ni mkubwa kiasi hiki, kwamba aweza kuinama asipungukiwe.” Pengine hatakubali. Lakini atakuwa amesikia tunachoamini, si kelele zetu.

4. Sadaka, dhabihu na kafara

Sasa tuje kwenye sadaka ya Msalaba. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu maneno matatu yanayokaribiana, na ni vizuri tuyatenganishe.

“Sadaka” ni kitu tunachotoa kwa ajili ya Mungu, au kumpa maskini kwa ajili ya Mungu. “Dhabihu” ni mnyama wa kuchinjwa madhabahuni. “Kafara” ni kile kinachotolewa ili kuondoa kosa, ugonjwa au balaa. Huchukua ubaya ule na kwenda nao. Yote matatu yamo katika Agano la Kale, nanyi mnaweza kusoma Mambo ya Walawi sura ya 16, juu ya mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho.

Lakini neno “kafara” lina kivuli katika nchi yetu. Mtu akitajirika ghafula, mitaani huulizana amemtoa nani kafara. Yako masimulizi mengi ya uongo, lakini yako pia maovu ya kweli. Hatujasahau mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoitia nchi yetu aibu hasa katika miaka ya 2007 na 2008, yaliyofanywa na watu waliodhani kwamba viungo vya mwenzao vitawaletea bahati na mali. Sheria ya giza ni ileile siku zote: mkubwa apate, mdogo afe. Mnyonge hana haki.

Na wako wahubiri, hapa mjini, ambao hawamwagi damu ya mtu, lakini wanamhubiri Mungu wa aina hiyohiyo: Mungu aliyeketi mbali na uso umekunjwa, anayengoja kulipwa. Weka fedha hapa, ufunguliwe. Toa kilicho kikubwa, hata kama ni ada ya mtoto, ndipo akusikie. Mama mjane anatoa alichokuwa nacho, na jambo lisipotokea anaambiwa imani yake ni haba.

Pima fundisho hilo kwa Neno la Mungu. Katika Zaburi ya 50, aya ya 9 mpaka 13, Mungu mwenyewe anasema kwamba haoni njaa. Ng'ombe wote wa milimani ni wake. Mika 6:6–8 anauliza kama Mungu atafurahishwa na maelfu ya kondoo waume, au hata na mzaliwa wa kwanza wa mtu, na jibu ni kwamba Mungu anataka haki, rehema, na mwenendo wa unyenyekevu pamoja naye. Halafu someni 2 Wakorintho 5:19. Paulo hasemi kwamba Kristo alimtuliza Mungu aliyekataa kutupenda. Anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Na Warumi 5:8 inatuonyesha kwamba pendo la Mungu lilikuwapo tukiwa bado wenye dhambi.

Hapa ndipo Injili inapoigeuza njia ya sadaka. Katika dini nyingi sadaka hupanda: mdogo anampa mkubwa ili asimdhuru. Msalabani sadaka imeshuka: Mkubwa amejitoa kwa mdogo ili mdogo aishi. Mungu hakutafuta mtu wa kumtoa kafara. Alikuja mwenyewe. Mwana hakuburutwa, alijitoa kwa hiari (Yohana 10:18), na Baba hakusimama kando, maana Baba na Mwana ni kitu kimoja.

Tuna methali isemayo “Mkubwa ni jalala.” Katika ukoo, kila taka hutupwa kwa mkubwa: deni la mdogo wake, kesi ya mpwa wake, lawama za shemeji. Mkubwa asiyekubali kuwa jalala, ukoo wake huvunjika. Isaya sura ya 53 inamwonyesha mtumishi wa Bwana aliyewekewa maovu yetu sote. Pale Golgotha, nje ya mji, mahali walipotupwa waliolaaniwa, Mkubwa wa wote alikubali taka zetu zote zimwangukie: usaliti wa rafiki, uongo wa mashahidi, woga wa Pilato, mate ya askari. Hakumrudishia mtu hata moja. Hapo ubaya ulikoma, kwa sababu ulimfikia mmoja asiyeupitisha kwa mwingine. Hiyo ndiyo dhabihu iliyotolewa mara moja, nayo yatosha (Waebrania 10:10–14).

Je, tuache basi kutoa sadaka kanisani? La. Lakini tujue tunatoa kwa nini. Hatutoi ili tupendwe. Tunatoa kwa sababu tumekwisha kupendwa.

5. Unyenyekevu si kunyamazia uovu

Ni lazima niseme jambo hili wazi, maana fundisho hili limetumiwa vibaya. Wakubwa wamewahubiria wadogo unyenyekevu ili wadogo wakae chini. Bwana wa mtumwa alipenda mtumwa awe mnyenyekevu. Mume anayempiga mkewe hupenda mkewe asikie mahubiri ya uvumilivu. Huo si unyenyekevu wa Kristo. Yeye alishuka kwa hiari kutoka juu, hakumsukuma mwingine chini kisha akamwambia, “Mfuate Yesu.” Na alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza. Aliuliza kwa nini anapigwa (Yohana 18:22–23).

Turudi kwa Askofu Weston. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Afrika Mashariki yalibebewa mizigo na wapagazi. Jina la Kariakoo, soko letu kuu, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na uchovu kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inawakumbuka hao pia katika maandishi yake. Mwaka 1916 Weston aliunda kikosi cha wapagazi wa Unguja, naye mwenyewe akawaongoza bara, akitembea nao kwa miguu. Askofu angeweza kubaki Mkunazini akawaombea.

Lakini tazameni alichofanya baadaye. Vita ilipokwisha, serikali ya Waingereza huko Kenya iliweka mipango ya kuwasukuma Waafrika wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1920 Weston aliandika kijitabu kikali kuishitaki serikali ya nchi yake mwenyewe kwamba inawafanya Waafrika kuwa watumwa wa namna mpya. Mtu yuleyule aliyekubali kutembea na wapagazi alikataa kunyamaza wapagazi walipoonewa. Mambo hayo mawili hayapingani. Aliyeshuka chini kwelikweli huona mambo yanavyoonekana kutoka chini, na akiisha kuyaona hawezi kunyamaza.

Mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alihutubia mkutano mkubwa wa Waanglikana mjini London. Aliwaambia, kwa maana hii, kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika Sakramenti ya Altare kama hawamhurumii katika vichochoro vya maskini. Waliomsikiliza walipenda sana ubani, mishumaa na mavazi mazuri ya Misa. Naye aliyapenda. Lakini aliwataka wakitoka kwenye Misa wamtafute Bwana yuleyule nje, katika walio uchi na wenye njaa.

6. Sisi wa Sinza

Viwanja vya Sinza vilipimwa katika miaka ya 1970 ili watu wa kipato cha chini wapate mahali pa kujenga. Leo nyumba nyingi zina ukuta na geti, na pembeni ya Barabara ya Shekilango maduka na mahoteli yamepangana. Si vibaya. Lakini ukuta huficha mambo, na jambo moja unaloficha ni mtu anayetutumikia.

Katika nyumba zetu nyingi yuko msichana wa kazi. Ametoka Iringa, Singida au Dodoma. Pengine umri wake ni wa mwanafunzi. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Tunamwita “dada”, neno zuri, lakini wageni wakiuliza jina lake kamili, baba mwenye nyumba hulitafuta kichwani. Jumapili asubuhi familia yote hufunga safari kwenda Misa, na yeye hubaki na masufuria. Tunakwenda kumsujudia Mungu aliyechukua hali ya mtumwa, tukiwa tumemwacha jikoni mtu aliye katika hali inayokaribiana nayo.

Sisemi watu wasiajiri. Kazi ni heshima, na mshahara wake unajenga nyumba huko kwao. Nasema Mkristo aanze hapo. Alipwe siku ya malipo, bila kuzungushwa. Ale chakula tunachokula. Awe na siku ya kupumzika na nafasi ya kusali, kanisani kwetu au msikitini kwake. Akivunja sahani, asitukanwe wazazi wake. Na siku moja moja baba au mama achukue yale masufuria mwenyewe, bila kutangaza. Tukishindwa kumheshimu aliye jikoni, kuoshana miguu Alhamisi Kuu ni maonyesho tu.

Tena tunapenda sana meza kuu. Kwenye harusi na mikutano hugombaniwa, na aliyekaribishwa huko hutembea taratibu ili aonekane. Katika Marko 10:42–45 Bwana alikwisha kutuambia habari za wakuu wa mataifa, na kwamba kwetu isiwe hivyo. Kanisani iko meza moja tu iliyo kuu, nayo Mwenyeji wake ndiye anayetumika. Hapo waziri na muuza maandazi hupiga magoti sawa, hunyosha mikono mitupu, hupewa. Yeye aliyejimwaga angali anajimwaga, katika kipande kidogo cha mkate ambacho mtu angeweza kukikataa, na kweli wengi hukikataa.

Paulo hakuishia msalabani. Aya ya 9 yaanza na neno la kuonyesha sababu: kwa ajili hiyo Mungu alimwadhimisha mno. Aliyeadhimishwa ni yuleyule mwenye alama za misumari. Siku kila goti litakapopigwa, halitapigwa mbele ya mbabe aliyewashinda wenzake kwa nguvu. Litapigwa mbele yake aliyewahi kupiga magoti mbele ya Petro na beseni la maji. Ndiyo maana Euodia na Sintike waliweza kupatana, kama walitaka. Na sisi pia.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika vikundi

1. Someni Yohana 13:6–9. Kwa nini Petro alikataa kuoshwa miguu? Je, sisi pia huona vigumu kutumikiwa na Mungu kuliko kumtumikia?

2. Kuna tofauti gani kati ya sadaka inayotolewa kwa hofu na ile inayotolewa kwa shukrani? Toeni mifano ya parokiani kwetu.

3. Mtu anayeonewa na mumewe, au na tajiri wake, anakuja kuomba shauri. Mtamwelezaje unyenyekevu wa Kristo bila kumwongezea mzigo?

4. Ni nani anayetutumikia kila wiki ambaye hatujui jina lake? Kila mmoja ataje mmoja, na kabla ya Jumapili ijayo alijue jina hilo.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyejua kwamba vyote ni vyako, nawe ukachukua kitambaa na beseni: tuondolee hamu ya kuketi juu ya wenzetu. Utupe macho ya kuwaona wanaotutumikia, ulimi wa kuwatetea wanaoonewa, na moyo wa kukupokea wewe unayekuja kwetu mdogo hivi. Unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.